Skimu ya Chumba cha Uani

Pwaa!

Mlio ulitoka chumba cha uani, walimokuwa wanawake wakimwosha marehemu Bi Mwanabaraka, na Marijani aliyekuwa anasubiri nje ya mlango na ndoo ya maji mkononi akaganda. Haukuwa mlio wa mtu kuanguka, wala wa sufuria. Ulikuwa mlio wa kitu kipana, kibichi, kilichobanduka ukutani na kutua sakafuni. Fundi yeyote wa lipu anaujua mlio huo na anaomba usimkute kwenye kazi yake. Sasa Marijani ni fundi, kazi ilikuwa yake, na aliyelazwa mle ndani alikuwa shangazi yake aliyemlea.

Akatega sikio. Ndani hakuna aliyepiga kelele, hakuna aliyelia, hakuna aliyesema hata neno moja, na kimya hicho kikamtisha kuliko kishindo chenyewe.

Tumwache kwanza hapo mlangoni, maskini, na ndoo yake. Ukitaka kujua kwa nini damu ilimsimama, lazima umjue yeye na umjue huyo shangazi.

Marijani ni mtoto wa Kunduchi, wa hukuhuku Mtongani. Wazazi wake walifariki akiwa hajaanza shule, na dada wa baba yake, Bi Mwanabaraka, akamchukua. Vijana wenziwe walikimbilia samaki. Yeye kila alipopanda boti alitapika mpaka nyongo, wakamcheka, akaenda zake kubeba zege kwenye majumba yaliyokuwa yanaota huko Mbezi na Tegeta. Kutoka kwenye zege akapanda kwenye lipu, na kutoka kwenye lipu akafika kwenye skimu, yaani ule mpako mwembamba wa mwisho unaopakwa juu ya lipu ili ukuta uwe laini. Hapo ndipo alipotulia. Kuna watu wanapenda mpira, kuna wanaopenda kula. Marijani anapenda ukuta laini. Akimaliza chumba anafunga madirisha, anawasha tochi ya simu na kuilaza ubavuni mwa ukuta, kisha anatembeza mwanga polepole akitafuta wimbi, kovu, chembe ya mchanga. Akikuta kovu anauma midomo kama aliyechomwa mwiba. Asipokuta kitu anapitisha kiganja kutoka juu mpaka chini na kutabasamu peke yake. Wenye nyumba walikuwa wanamgombea.

Kwa unga wa jipsamu, ndiyo usiseme. Anaukoroga ndooni mpaka uwe kama uji wa mtoto, anaupaka, anausugua kwa msasa, na ukuta unatoka mweupe unaoteleza. Ubaya wa jipsamu kila fundi anaujua: haipatani na maji. Sebuleni sawa, chumba cha kulala sawa. Bafuni ni kujitafutia balaa. Marijani mwenyewe alikuwa akiwahubiria wateja wake hivyo, kwamba penye maji ni saruji tu, basi. Nayasema haya mapema ili usije ukadhani kijana wetu alikosea kwa kutojua. Alikuwa anajua.

Na huyo shangazi sasa. Bi Mwanabaraka alikuwa mwosha maiti. Wanawake wa Kiislamu waliofariki mitaa ile, wenye nacho na wasio nacho, bibi vizee na mabinti, wengi walipita mikononi mwake. Lakini sifa yake kubwa haikuwa kuosha, ilikuwa kunyamaza. Mwosha anaona mengi: kovu ambalo mtu alilificha umri wake wote, ugonjwa ambao hata mume hakuujua. Alipotoka chumbani watu walimzonga. Je, uso ulikuwaje? Alikuwa kama anatabasamu? Jibu lake lilikuwa moja, miaka nenda miaka rudi: "Kaoshwa, kastirika." Hata aliyefariki awe shoga yake wa kufa na kuzikana, jibu ni hilo. Marijani alipokuwa mdogo alimbembeleza amsimulie habari za mama yake mzazi, maana Bi Mwanabaraka ndiye aliyemwosha. Alitaka tu kujua kama mama alionekana ana maumivu. Aliambulia maneno yaleyale, na kipande cha mkate wa kumimina cha kumfuta machozi.

Miaka ya karibuni wapangaji wamejaa mtaani, familia nzima chumba kimoja, na mtu akifariki hakuna pa kumwoshea kwa stara. Bi Mwanabaraka akaamua kujenga chumba uani kwake kwa ajili ya kazi hiyo. Kiliwekwa sakafu ya mteremko na bomba la kupeleka maji kwenye ufuo, shimo la kupokea maji aliyooshewa maiti ili yasikanyagwe na watu. Wajenzi walipandisha tofali wakapiga lipu ya kawaida kwa ndani. Ilibaki sura ya mwisho, akamwita mwanawe.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Ukuta huu unipigie niru."

Niru ni saruji tupu iliyokorogwa kwa maji, ikapakwa juu ya lipu na kusuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka ing'ae. Inatoka kijivu, inatoka ngumu, na maji yanapita juu yake yakaenda zake. Ndiyo iliyokuwa sakafuni kwa bibi zetu. Marijani aliisikia kama tusi.

"Niru, shangazi? Mie nipige niru kwako, watu wanionaje? Hayo mambo ya zamani, panakuwa kama stoo. Nakupigia skimu nyeupee, uingie ujisikie uko hotelini."

"Hotelini naenda kufanya nini? Wanaolala humo hawaangalii ukuta. Nataka kitu nikikimwagia maji kinyamaze."

"Sawa, shangazi, nimekuelewa."

Hakumwelewa, au tuseme hakutaka. Alimpenda mno yule mama, na mapenzi yenyewe yalikuwa na majivuno ndani yake. Wageni waliolala hotelini usiku mmoja tu aliwapigia ukuta laini. Shangazi yake apate wa kijivu? Bi Mwanabaraka aliposafiri kwenda Bagamoyo kumtazama ndugu yake, Marijani akapiga jipsamu chumba kizima. Juu yake akapaka rangi ya mafuta, ile ya maziwa, akijidanganya kwamba rangi itazuia maji. Alipomulika tochi hakuona kovu hata moja. Ilikuwa kazi nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na mpaka leo anasema hivyo.

Shangazi aliporudi alisimama mlangoni, akapitisha kiganja ukutani.

"Niru gani hii nyeupe?"

"Ya kisasa, shangazi."

Uongo ulimtoka bila kukwama. Bi Mwanabaraka akaamini, na kwa nini asimwamini mtoto aliyemlea? Akamshika kichwa akamwombea dua ndefu, na Marijani akaitikia amina bila haya.

Kabla chumba hakijapata mtu, masika yakaingia. Mvua ziliupiga ukuta wa nje, ambao ulikuwa bado haujapigwa lipu, tofali zikanywa maji zikashiba. Siku moja Marijani akaona lengelenge limeota ukutani kwa ndani, chini ya rangi. Akalibonyeza kwa kidole. Likanesa. Alishtuka, tena sana, lakini badala ya kubandua akaenda kuleta brashi akalipaka rangi tena. Mvua zikikatika, alijiambia, nitarekebisha yote. Shangazi mzima wa afya, anakwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kapu. Haraka ya nini?

Alfajiri moja Bi Mwanabaraka aliinama kuchota maji ya udhu, hakuinuka tena.

Marijani alipigiwa simu akiwa kazini Mwenge. Alifika na vumbi la msasa kwenye nyusi, turubai limeshafungwa, watu wamejaa, na yeye bado hajaamini. Akapita moja kwa moja mpaka uani, na hapo akapigwa na mshtuko wa pili. Bi Najat, mwanafunzi wa shangazi yake katika kazi ya kuosha, alikuwa amekifungua chumba kipya na anatandika kitanda cha kuoshea.

"Bi Najat, si bora aoshewe ndani, chumbani kwake?"

"Kwa nini? Kakijenga mwenyewe. Na alishaniambia, akitangulia yeye aanze yeye."

"Kuna... kuna unyevu humo."

"Marijani, tunaosha maiti, hatuaniki nguo. Lete maji, mwanangu."

Alikuwa na nafasi ya kusema pale, mlango uko wazi, shangazi bado hajaletwa. Akabeba ndoo. Kwa kuwa ni mtoto wa nyumba alipewa kazi ya kuchota kwenye tangi na kufikisha mlangoni, naye alichota kama mtu anayezima moto, harufu ya karafuu maiti ikimfuata puani, macho hayabanduki kwenye ule mlango. Ndipo uliposikika ule mlio.

Sasa turudi. Mlango ulifunguka upenyo mdogo, ukatoka mkono wa Bi Najat. Ulikuwa mweupe mpaka kwenye kiwiko.

"Maji," alisema.

"Bi Najat, kuna nini? Kumetokea nini?"

"Maji. Mengi. Usiache kuleta."

Mlango ukafungwa. Hakuongeza neno, na Marijani alijua hataongeza. Akaegemea tangi. Ndani maji yalimwagwa, yakamwagwa tena, yakamwagwa tena. Ufuo ulikuwa umeshajaa mvua, kwa hiyo yalipofika shimoni yakafurika pembeni na kuanza kutambaa uani, mbele ya akina mama waliokuwa wanamenya vitunguu. Yalikuwa meupe pepepe kama tui la kwanza.

"La ilaha illa Llah!" mmoja akapiga ukelele, kisu kikamtoka mkononi. "Oneni maji ya Bi Mwanabaraka! Oneni!"

Wakainuka wote. Mwingine akashika kichwa, mwingine akaanza kulia upya. Habari ikapita barazani upesi kuliko mtu anavyoweza kukimbia, na wanaume wakaja, wakasimama midomo wazi. Mzee Twaha, imamu wa msikiti wao, mtu asiyebabaishwa na kitu, aliyatazama maji yale na tasbihi ikasimama kati ya vidole vyake.

"Subhana Llah," akasema.

"Hiyo nuru," mtu akasema nyuma yake. "Mama yule katusitiria wake zetu na mama zetu. Mungu kamlipa leoleo, tunaona kwa macho!"

Hapa ndipo ninapomchukia Marijani kidogo, na hapahapa ndipo ninapomwelewa. Katikati ya hofu ile likamjia wazo tamu. Nyamaza. Shangazi ataondoka duniani akiwa walii, watu watamsimulia miaka na miaka, na wewe utabaki fundi na jina lako. Nani ataumia? Wanaojua ni waosha, na waosha hawasemi. Akanyamaza.

Ndipo akamwona Mwamvita. Mwamvita ni jirani yao, ana binti anaitwa Lulu mwenye selimundu, na hakuna hospitali wala dua ambayo hajaikimbilia. Alikuwa amechuchumaa penye maji yale na kikombe cha plastiki, anachota. Aliyemwona akatafuta chupa. Mwingine akachovya pindo la kanga na kujipaka usoni. Mzee Twaha akapaza sauti, "Jamani, hapana! Haya hayamo kwenye dini yetu!" lakini nani anamsikia? Walikuwa wanasukumana. Mwamvita akakishika kidevu cha mwanawe.

"Kunywa, mama. Bismillahi, kunywa."

Mtoto akafungua mdomo.

Marijani hakumbuki alivyovuka uani. Anakumbuka kikombe kikiruka juu, Lulu akiangua kilio, na nyuso zote zikimgeukia.

"Umeingiwa na nini wewe?" Mwamvita alipiga yowe. "Unamwaga dawa ya mwanangu? Nimekukosea nini mie?"

"Si dawa! Ni jipsamu!"

"Ni nini?"

"Jipsamu! Ni skimu yangu mie, imebanduka ukutani. Yeye alitaka niru, nikamdanganya. Msinywe, tafadhali, msinywe!"

Wakamtazama. Kisha kelele zikalipuka. Huyu kachanganyikiwa kwa msiba. Huyu anamwonea kijicho maiti, shangazi yake mwenyewe! Mtoeni! Wanaume wawili wakamkamata mikono na kuanza kumburuta. Akajitoa kwa nguvu, akapiga magoti, akatumbukiza mkono kwenye tope jeupe pembeni mwa ufuo na kupapasa. Alipoinuka alikuwa ameshika kipande kilichopita kwenye bomba, kidogo kama kiganja cha mtoto. Upande mmoja ni unga mbichi. Upande wa pili unang'aa, rangi ya maziwa.

"Nuru haina rangi ya mafuta," alisema, na machozi yakamtoka.

Mzee Twaha akakipokea. Akakigeuza, akakikwaruza kwa ukucha, unga ukambaki kidoleni. Akautazama unga, akamtazama Marijani, na mshangao uliokuwa usoni pake mwanzo ukaondoka, ukaja mwingine mbaya zaidi.

"Ulijua itaanguka?"

"Nilijua, mzee."

"Na ukamwacha aingizwe humo?"

Hakuna aliyempiga Marijani, na mwenyewe anasema bora wangempiga. Mzee Twaha akaamuru kila aliyechota arudishe maji ufuoni, wakarudisha mmoja mmoja, hakuna anayetaka kutazamana na mwenzake. Vijana wakatimbua mchanga kuyafukia yaliyotapakaa. Mwamvita alikaa chini palepale, Lulu mapajani, analia kwa sauti ndogo ya mtu aliyekuwa ameshapata na akanyang'anywa. Kilio kile kilimwingia Marijani mpaka kwenye mifupa.

Mazishi yalikwenda. Marijani aliingia kaburini kumpokea shangazi yake, maana ilikuwa haki yake na hakuna aliyethubutu kumzuia. Alipomshika mikononi aliikagua sanda kipande kwa kipande, kama anavyokagua ukuta kwa tochi, akitafuta doa, punje, unga. Hakuona kitu. Sanda ilikuwa safi kabisa.

Habari haikubaki Mtongani. Ilifika Tegeta, ikafika Mbezi, kila mahali ikitiwa chumvi mpya. Wapo wateja waliokata simu, wapo walioendelea kumwita na kumuuliza kwa kicheko kama skimu yake inatibu na mafua. Alimeza yote. Mvua zilipokatika alikwenda chumba cha uani, akabandua jipsamu yote mpaka kwenye lipu, akapiga lipu ukuta wa nje, akaacha vikauke. Kisha akakoroga saruji akapiga niru. Aliisugua kwa mwiko wa chuma mpaka mabega yakawaka moto. Ukuta ukatoka wa kijivu, na safari hii hakuleta tochi.

Bi Najat alikuja kukagua. Alichota ndoo ya maji, akarudi nyuma hatua chache, akaumwagia ukuta kwa nguvu zake zote. Maji yakateremka, yakafuata sakafu, yakaingia bombani yakiwa safi kama yalivyotoka tangini.

"Ukuta umenyamaza," alisema Bi Najat.

Marijani alikuwa na swali lililomnyima usingizi tangu siku ile, na alikuwa amejiapiza kutoliuliza. Likamtoka.

"Bi Najat. Ile jipsamu ilipobanduka, ilimwangukia? Ilimwangukia usoni?"

Bi Najat akaweka ndoo chini. Alimtazama kwa huruma, huruma ya kweli, na Marijani akadhani safari hii atajibiwa.

"Kaoshwa, mwanangu. Kastirika."

Akatoka, akamwacha humo ndani. Marijani aliweka kiganja juu ya niru iliyolowa, akalia kama alivyolia utotoni siku aliyouliza habari za mama yake, na mtu wa kumpa mkate wa kumimina hakuwepo.